Moja Saba Ukutani

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Daftari hili ni la mwanangu Subira, la mwaka jana. Kaacha kurasa nyingi nyeupe. Nalichukua mie.

Leo mkutano wa wafanyakazi wote, hata sisi wa jikoni tumeitwa. Mkuu wa shule, Mwalimu Sixtus, anastaafu. Sherehe ya kumuaga Jumamosi tarehe 28, sisi tupike pilau. Watu wakapiga makofi. Hadija mwenzangu kafuta machozi kwa pembe ya khanga — machozi! Mie nilipiga makofi matatu nikaacha. Matatu yanamtosha.

Miaka miwili nampikia mtu huyu. Miaka miwili ananiita Mama Subira, ananisifia maharage. Hajui mie ni nani. Hajui kabisa! Nami nimekaa kimya nikisubiri siku yangu, sijui siku gani. Sasa zimebaki ishirini na sita.

Jumanne, 3 Septemba

Nimeunguza ukoko kwa makusudi, nikampakulia yeye. Kala wote. Kasema anapenda ukoko.

Jumatano, 4 Septemba

Ukuta wa mbele umepakwa rangi upya kwa ajili ya sherehe. Ile namba yake sasa inang'aa, nyekundu, kila tarakimu urefu wa mtoto: 1111111. Chini yake: VIJIJI SABA, SHULE MOJA — HAIGAWANYIKI. Aliiandika yeye shule ilipofunguliwa, 2007. Vijiji saba vilibeba matofali, kila kijiji na moja yake ukutani. Kila mwaka kidato cha kwanza wakiingia anawasimamisha pale juani, anawaambia namba hii haigawanyiki kwa namba yoyote isipokuwa moja na yenyewe. Namba tasa. Subira anaiita praimu.

Nilikuwa na ndoo ya maji kichwani. Nikasimama naitazama. Nikajiuliza — nani kaijaribu?

Mwalimu Elinipendo, wa hesabu, alipokuja kuchukua chai nikamuuliza. Kacheka. Mama Subira nawe! Mkuu ndiye kasema, basi.

Basi! Miaka kumi na saba, walimu wote hao, simu mfukoni, na hakuna aliyegawanya. Kwa kuwa kasema yeye.

Mie najua kwamba anaweza kusimama mbele ya watu akasema lisilo kweli. Hata sauti anayolisemea naijua.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimeanza. Vyombo vikishaoshwa, kabla ya alasiri, Hadija anajinyoosha kwenye mkeka na mie naingia stoo. Mkaa ninao, ukuta ninao. Simu yangu ya kitochi ina kikokotoo lakini sikitaki. Nataka niivunje kwa mkono.

Mbili hapana, tano hapana, hata kipofu anaona. Tatu — baki moja. Saba — baki moja. Kumi na moja — baki moja. Kumi na tatu — baki moja! Nikaona kama namba inanicheka. Nikarudia. Baki moja.

Nikakaa juu ya gunia la mchele nikafikiri. Kisha nikaziandika moja sita badala ya saba. Loh! Moja sita zinagawanyika kwa zote hizo, tatu, saba, kumi na moja, kumi na tatu, na thelathini na saba pia, hazibakizi kitu. Moja ya saba ndiyo inayobaki mlangoni kila mara. Kwa hiyo si kicheko. Ina sababu.

Sijafurahi hivi tangu sijui lini. Hadija kaniuliza nacheka nini peke yangu stoo. Panya, nikamwambia.

Jumapili, 8 Septemba

Kumi na saba, baki nane. Kumi na tisa, baki kumi. Ishirini na tatu, baki nne. Ishirini na tisa, thelathini na moja — hakuna.

Subira kakuta karatasi ninazonakilia hesabu chini ya godoro. Mama, hizi za nani? Nikasema zangu. Kazitazama muda mrefu. Halafu kaniambia jambo moja la maana: huna haja ya kufika mbali, mama, ukivuka elfu moja na hamsini na nne bila kupata, haipo tena. Nikamwambia nilishalijua hilo — elfu moja hamsini na tano mara yenyewe inapita namba nzima, sasa cha zaidi kitafute nini? Kaniangalia kama ananiona leo.

Mwenyewe kidato cha tatu. Mwalimu Sixtus ndiye anamfundisha hesabu za ziada Jumanne na Alhamisi. Kampa mkebe wake mwenyewe wa bikari na rula. Anamwambia atafika kidato cha tano sayansi. Mtoto akimtaja uso unang'aa.

Hilo nalo nalimeza.

Jumatano, 11 Septemba

Leo darasa la saba nchi nzima wanafanya mtihani. Wamepita asubuhi na kalamu zao, viatu vimefutwa. Nimemwaga uji.

Niandike basi, sijawahi kuandika.

1998. Nilikuwa darasa la saba. Kwetu ni Kiongoroni, kule delta, lakini shule nilisomea kwa shangazi, kijiji cha pili. Baba yangu, Mtoro, alikata mikoko. Hesabu nilijifunza kwake, kwenye boriti. Korija moja boriti ishirini. Akisema korija saba na boriti kumi na tatu, nishasema mia moja hamsini na tatu kabla hajafunga kamba. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa Sixtus, kijana bado, kaja kutoka bara, shati jeupe. Wasichana tulipangiwa zamu ya kufagia nyumbani kwake.

Mtihani wa majaribio nikapata hamsini juu ya hamsini. Kanisimamisha mstarini. Kasema huyu anafagia kwangu, kaiba karatasi ya majibu. Nikasema sikuiba. Nikasema, mwalimu, nipe hesabu nyingine niifanye hapa hapa. Kasema binti wa wakata mikoko hapati hamsini. Viboko sita. Jina langu likafutwa kwenye orodha ya mtihani wa taifa.

Baba kaja na mtumbwi kunichukua. Hakunigombeza. Hakusema neno njia nzima, alipiga kafi tu. Sikujua kama ananiamini. Kafariki 2011 na sijajua.

Mwaka uliofuata niliolewa.

Alhamisi, 12 Septemba

Mia moja na moja. Mia moja na tatu. Mia moja na saba. Hakuna. Mkono unauma kwa mwiko na kwa mkaa.

Hadija kajua. Kaniambia shoga, achana nayo. Ukisema inagawanyika watu watasema unavigawa vijiji. Nikamwambia vijiji vitajigawa vyenyewe, mie namtaka mtu mmoja.

Jumatatu, 16 Septemba

NIMEIPATA.

Ijumaa nilifika mia mbili ishirini na tisa, baki tatu. Tatu! Nilikaribia kulia. Leo mia mbili thelathini na tatu, baki mia moja sitini na saba. Nikasema moja ya mwisho leo. Mia mbili thelathini na tisa. Nne, sita, nne — nikabaki na elfu mbili mia moja hamsini na moja. Mara tisa. Mara tisa ni elfu mbili mia moja hamsini na moja! Sifuri!

239 mara 4649. Nikazidisha kurudi nyuma mara tatu. Moja saba, zimejipanga kama askari.

Niliifikia kwenye namba tasa ya hamsini na mbili. Ningeweza kukata tamaa kwenye ya arobaini.

Sasa sikiliza, daftari. Jumamosi ya sherehe, wageni wote wameketi, vijiji saba vyote vimekuja, atasimama na kuitaja namba yake kama kawaida. Hapo nitaingia na mkaa. Nitaandika 239 × 4649 chini ya maandishi yake, mbele ya macho yake, polepole. Nataka watu wamtazame yeye kama walivyonitazama mie. Nataka aseme hapana, na asisikilizwe.

Jumanne, 17 Septemba

Mjinga mie. Mjinga! Sikufuta ukuta.

Kaja stoo kuhesabu magunia ya mchele wa sherehe. Sijui kasimama mle muda gani. Nilimsikia anaita — nani kaandika haya? Sauti imepanda. Nikaingia. Hadija akawahi: ni Mama Subira huyu, Mkuu, anachorachora tu.

Kacheka! Si kwa ubaya, na hilo ndilo linaloniua. Kacheka kama mtu aliyeletewa zawadi. Kashika kichwa, kagusa ile sifuri kwa kidole. Imegawanyika, kasema, imegawanyika bwana! Miaka kumi na saba nimewadanganya watoto! Kisha: huyu ni Subira. Huyu ni Subira, kazi hii naijua, nimemfundisha mwenyewe.

Nikafungua mdomo. Miaka arobaini ninayo, na nikasimama pale kama niko mstarini.

Katoka anafuta mkaa kwenye suruali, anaimba.

Jumatano, 18 Septemba

Kamtangaza mstarini. Subira Abubakary, kavunja namba ya mwalimu wake. Shule nzima imempigia makofi ya kilo. Na Jumamosi ya sherehe Subira ataonyesha ubaoni mbele ya wageni. Itakuwa ndiyo zawadi yake ya kustaafu, kasema: mwanafunzi kumshinda mwalimu.

Kwa hiyo kavunjwa na bado kashinda. Kisu nimekinoa mwenyewe, kakatia keki.

Subira kaja jikoni macho mekundu. Kasema: nimemwambia Mkuu si mimi, mama. Nimemwambia ni wewe. Kaniambia usiwe na aibu, unyenyekevu ukizidi nao ni kasoro.

Nikamuuliza: alipoambiwa ni mie, uso wake ulikuwaje?

Subira kafuta macho. Kisha: alitabasamu.

Alhamisi, 19 Septemba

Subira hakwenda kwenye hesabu za ziada. Kaniuliza, mama, kwa nini unamchukia? Hata kabla ya haya ulikuwa unamchukia. Unampakulia kama unamtupia.

Nikamweleza. Yote, tangu kufagia mpaka mtumbwi. Nilidhani nitalia, sikulia. Yeye ndiye alilia. Kisha kauliza swali ambalo sikulipenda: na mimi je, nimrudishie mkebe wake?

Nikamwambia kaa nao. Uchoree mistari yako.

Jumatatu, 23 Septemba

Chumvi imezidi kwenye mboga ya walimu. Nimesema mkono uliteleza.

Ijumaa, 27 Septemba

Mchele umechaguliwa, vitunguu magunia mawili, macho yote yanawasha. Hadija kajipaka hina.

Subira kaniambia kesho nitasema mimi. Nikamwambia usiseme kitu, kapokee makofi yako, mie nina njia yangu. Kasema: njia gani? Nikatafuta njia. Sina.

Jumapili, 29 Septemba — asubuhi

Jana sikuweza kuandika. Niandike kwa mpangilio.

Turubai lilifika mpaka mlangoni pa jikoni. Wageni wote wamo, wenyeviti wa vijiji, masista wa zahanati, wazee na kofia zao. Mwalimu Sixtus kavaa suti ya kahawia, kavalishwa vitenge vitatu. Kasimama, kaongea juu ya matofali, juu ya mafuriko ya mwaka huu, kisha kafika kwenye namba. Kawaambia ukweli wote, kuwa aliwaambia haigawanyiki na kumbe hakuwahi kuijaribu mpaka mwisho. Alifika sitini akachoka. Watu wakacheka naye. Wakampenda zaidi! Nilikuwa nageuza pilau, nikaubana mwiko.

Kamwita Subira. Ubao umeletwa. Subira kachukua kipaza sauti badala ya chaki.

"Shikamooni. Hesabu hii si yangu. Nimeshamwambia Mkuu mara mbili, hakunisikia. Ni ya mama yangu. Yule pale kwenye sufuria."

Watu wakageuka. Wakacheka, wengine wakapiga vigelegele wakidhani ni mchezo. Naye kacheka, kamwekea Subira mkono begani.

"Mwanangu, kumheshimu mama ni jambo zuri sana. Lakini leo—"

Sikusikia mengine. Hadija kaninyang'anya mwiko mkononi. Nenda, kasema. Nenda wewe!

Nikaenda. Khanga ya jikoni, mikono inanuka vitunguu, miguu imejaa majivu. Nikachukua chaki. Sikumwangalia. Nikaandika moja saba, nikaandika 239 ubavuni, nikaanza kugawanya kwa sauti. Nne. Baki mia moja hamsini na tano. Shusha moja. Sita. Baki mia moja kumi na saba. Shusha moja. Nne. Baki mia mbili kumi na tano. Shusha moja. Tisa. Hakuna baki.

Mzee mmoja kasema, amekariri huyo.

Hapo Mwalimu Elinipendo kasimama kwenye viti vya walimu. Sikumtegemea. "Mama Subira, na zikiwa moja nane?"

"Nane zinagawanyika kwa kumi na moja, mwalimu. Zikiwa shufwa zote zinagawanyika kwa kumi na moja, maana unazikata mbili mbili. Tisa zinagawanyika kwa tatu."

"Kumi na moja je? Moja kumi na moja?"

"Hizo sijui bado. Nipe muda."

Ndipo walipolipuka. Vigelegele, watu wamepanda juu ya viti. Subira kanikumbatia mpaka chaki ikanivunjikia. Na mie nikawa natafuta uso mmoja tu. Nikachukua kipaza sauti.

"Mwalimu. Jina langu ni Tabu. Tabu binti Mtoro, wa Kiongoroni. Darasa la saba, mwaka tisini na nane."

Nikangoja. Miaka ishirini na sita nimeungoja uso huo. Nilikuwa nimeshauchora — jinsi utakavyoshuka, jinsi macho yatakavyokimbia.

Haukushuka. Kakunja paji. "Tabu," kasema. "Tabu... Tabu..." Kama mtu anayetafuta ufunguo mfuko huu na ule. Kisha katikisa kichwa pole pole. "Nimefundisha watoto wengi kule, mama. Hongera. Hongera sana." Kaninyooshea mkono.

Hakumbuki.

Hakumbuki! Hafichi, nilimtazama machoni karibu kabisa, hamna kitu mle. Viboko sita, jina, mtumbwi, ndoa ya miaka kumi na tano — kwake hiyo ilikuwa asubuhi moja kati ya asubuhi.

Nikamwekea chaki kwenye ule mkono, nikarudi jikoni. Pilau la chini lilikuwa limeungua. Nimelipakua hivyo hivyo.

Jumapili, 29 Septemba — baada ya adhuhuri

Kaja.

Kaja peke yake, kwa miguu, bila suti. Subira ndiye alimwona njiani kwenye mikorosho, kaingia mbio kaniambia. Nikafunga mlango. Nikamwambia Subira ampe kigoda nje, basi, kigoda tu.

Nasikia kila kitu, ukuta wetu wa udongo. Kamwambia Subira hakulala. Kawapigia simu walimu wawili wa zamani wa kule delta. Mmoja kafa, mwingine kasema kulikuwa na kesi ya karatasi ya mtihani, msichana mmoja, zaidi hajui. "Mwambie mama yako sitaki kumdanganya kuwa nimekumbuka. Sijakumbuka. Lakini nimejua kuna kitu nilifanya. Naomba aniambie kwa kinywa chake."

Subira kaingia kunifikishia kana kwamba sijasikia. Nikamwambia mwambie naandika.

Katoka, kamwambia. Mama anaandika.

"Nitangoja," kasema. "Sina kazi tena kuanzia jana."

Hiyo ilikaribia kunichekesha. Nimeukasirikia mdomo wangu.

Ningetoka nikamwambia kwa pumzi moja. Halafu? Atasema samahani. Mtu wa hivi atasema vizuri, pengine atalia. Na akishasema, Subira atanitazama, Hadija atanitazama, wilaya nzima ya Kibiti itakuwa imeshasikia — wote watangoja mie niseme yameisha. Nilichokiweka miaka yote hii nitakuwa nimempa, atakwenda nacho, naye hajakibeba hata siku moja. Akibebe kwanza! Akae pale asijue. Mie nilikaa miaka kumi na mitatu karibu na baba yangu bila kujua.

Lakini asiyejua anabeba nini? Kabeba hewa. Nisipomwambia anakufa mwepesi.

Kwa hiyo nikimwambia namtua, nisipomwambia namtua. Hesabu gani hii.

Jua limegeuka. Subira kachungulia: mama, limemfikia usoni, nimsogeze kwenye kivuli? Nikasema ana miguu. Hajasogea. Nimemwona kwenye ufa wa dirisha — kavua kofia, kaishika magotini kwa mikono miwili. Mzee. Sikuwahi kumwona kuwa ni mzee. Jikoni alikuwa anapita amesimama wima.

Kuku wanamzunguka. Jirani kapita kamsalimu, kamuuliza kulikoni, Mkuu. Kajibu: nimeitwa ubaoni.

Saa tisa na nusu. Wanaadhini. Ningekwenda kutawadha lakini ndoo iko nje, karibu na miguu yake.

Subira kasimama mlangoni, kashika komeo, ananitazama. Sijamwambia afungue. Sijamwambia aache.